Kuwapata Wataalamu na Kuwatunza: Tunalojifunza kwa Jirani Zetu wa Malawi



Katika maombi ya miradi yanayoletwa kwetu, maombi ya majengo ndiyo mengi: zahanati, wodi ya wazazi, maabara. Ni maombi mema, na mengi tumeyaunga mkono. Lakini jengo halimzalishi mama. Anayemzalisha ni mkunga, na mkunga asipokuwepo, jengo zuri lenye bati jipya linabaki kuwa ukumbi wenye vitanda. Ndiyo sababu somo la robo hii halihusu matofali. Linahusu watu wenye ujuzi: nchi yenye kipato kidogo inawapataje, na ikishawapata, inawatunzaje wasiondoke?

Tumechagua kuangalia sekta ya afya, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi zetu. Tumechagua nchi ya Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwa sababu mwaka 2004 walifikia hali mbaya kuliko yetu, wakachukua hatua kubwa, na matokeo yake yakapimwa. Yapo waliyofanikiwa na yapo yaliyowashinda. Yote mawili yanatufaa.

Lengo la somo: Baada ya kusoma na kujadili, kila kamati iweze kueleza kwa nini watumishi wanakuja na kuondoka, na ichague jambo moja la kutekeleza ndani ya miezi mitatu ijayo.

1. UJUZI NI MTAJI

Tunapozungumza habari za uchumi tumezoea kutaja barabara, umeme, mazao na viwanda. Tukumbuke kuwa mtu mwenye ujuzi naye ni mtaji, tena mtaji unaochukua muda mrefu kujengwa. Hapa Tanzania daktari husoma chuo kikuu miaka 5, kisha hufanya kazi kwa vitendo mwaka 1 kabla ya kupata usajili kamili. Ndani ya miaka hiyo zimo kodi za wananchi, ada za wazazi na mara nyingi michango ya waamini. Siku anapoondoka, mtaji wote huo unaondoka naye ndani ya begi moja.

Hasara haiishii hapo. Mkulima anayepata dawa ya malaria mapema hurudi shambani baada ya siku chache. Asiyepata, hukosa palizi, na ndugu anayemuuguza naye hukosa palizi. Mama anayefariki akijifungua huacha shamba, biashara na watoto ambao huenda wasimalize shule. Kwa hiyo upungufu wa wauguzi ni jambo la Wizara ya Afya, lakini pia ni jambo la mavuno, soko na pato la kijiji.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa taarifa iliyozitaja nchi 57 kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kati ya hizo, 36 zilikuwa za Afrika kusini mwa Sahara. Kipimo kilichotumika kilikuwa chini kidogo ya madaktari, wauguzi na wakunga 2.3 kwa kila watu 1,000.

2. MALAWI ILIVYOKUWA MWAKA 2004

Malawi wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 12. Zaidi ya nusu ya nafasi za wauguzi katika ikama ya serikali zilikuwa wazi. Wilaya kadhaa hazikuwa na daktari wa serikali hata mmoja. Wakati huohuo ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umefikia kilele. Wagonjwa walijaa hadi sakafuni, na watumishi wenyewe walikuwa wakiugua na kufa. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kutolewa bure, lakini dawa bila mtu wa kuzitoa haziwezi kumfikia mgonjwa.

Watumishi walikuwa wanakwenda wapi? Wengi husema Uingereza, na ni kweli wauguzi wengi walikwenda huko. Lakini kulikuwa na milango mingine iliyo karibu zaidi. Wapo waliohamia miradi ya utafiti na mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyoko mijini, ambayo yalilipa vizuri zaidi. Wapo walioacha taaluma wakafanya biashara. Tunawaomba wafadhili wetu waliweke jambo hili moyoni, tutalirudia mbele.

Vilevile, hadi mwaka 1991 Malawi haikuwa na chuo chake cha udaktari. Vijana walipelekwa kusoma nje, na wengi wao hawakurudi. Chuo cha udaktari kilipofunguliwa Blantyre mwaka huo, nchi ilianza kupata madaktari waliosomea nyumbani, wanaoyajua magonjwa ya nyumbani.

3. HATUA WALIZOCHUKUA

Mwaka 2004 serikali ya Malawi ilianzisha mpango wa dharura wa watumishi wa afya, kwa msaada wa serikali ya Uingereza, Mfuko wa Dunia na wafadhili wengine. Tutazitaja hatua nne zinazotuhusu zaidi.

(a) Nyongeza ya mshahara. Watumishi wa kada 11 za kitaalamu waliongezewa asilimia 52 ya mshahara kabla ya kodi. Yaani aliyelipwa kwacha 100 alifikia 152. Baada ya makato ya kodi nyongeza iliyofika mkononi ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini ilitosha kumfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

(b) Kupanua vyuo. Fedha zilitolewa kujenga mabweni na madarasa na kuongeza walimu, ili vyuo vipokee wanafunzi wengi zaidi. Hatua hii huchelewa kuzaa matunda, kwa sababu muuguzi haandaliwi kwa mwaka mmoja. Lakini bila hiyo, mwenye pesa ndogo na mwenye pesa nyingi hubaki wakigombea watu walewale wachache.

(c) Wataalamu wa muda kutoka nje. Madaktari na walimu wa uuguzi wa kujitolea waliletwa kuziba pengo wakati wenyeji wanasomeshwa. Hatua hii ilichukuliwa kuwa daraja la kuvukia na haikukusudiwa kuwa ya kudumu.

(d) Kuzihusisha hospitali za makanisa. Hapa tunawaomba msome kwa makini. Nchini Malawi hospitali na vituo vilivyo chini ya Jumuiya ya Afya ya Kikristo ya Malawi (CHAM) vinatoa sehemu kubwa ya huduma, hasa vijijini, na vyuo vyake vinafundisha sehemu kubwa ya wauguzi wa nchi. Serikali haikuwaacha watumishi hao nje. Nyongeza ilitolewa kwao sawa na kwa watumishi wa serikali.

Kwa nini hili ni muhimu? Fikirini serikali ingeongeza mishahara ya watumishi wake peke yao. Muuguzi wa hospitali ya misheni angevuka barabara tu kwenda hospitali ya serikali. Takwimu za serikali zingeonyesha mafanikio, lakini nchi isingepata muuguzi hata mmoja wa ziada. Maji yangehamishwa kutoka ndoo moja hadi nyingine.

4. MATOKEO

Tathmini iliyofanyika baadaye ilionyesha kuwa watumishi wa kada zile 11 waliongezeka kutoka 5,453 mwaka 2004 hadi 8,369 mwaka 2009. Hilo ni ongezeko la asilimia 53 katika miaka mitano. Idadi ya wahitimu wa vyuo nayo ilipanda. Wauguzi walioomba nyaraka za kwenda kufanya kazi nje walipungua. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba Uingereza nayo ilipunguza kuajiri wauguzi wa nje kuanzia mwaka 2006, kwa hiyo sifa yote haiwezi kupewa nyongeza ya mshahara peke yake.

Sasa tuangalie nyufa zilizobaki.

Ufa wa kwanza ni vijijini. Fedha ilimzuia mtumishi kuondoka nchini, lakini haikumpeleka kijijini. Aliyeongezewa asilimia 52 mjini aliipata vilevile kama aliyeko mbali, na wa mbali aliendelea kukosa nyumba, umeme na shule nzuri ya watoto. Ujenzi wa nyumba za watumishi ulikwenda polepole kuliko mahitaji.

Ufa wa pili ni kudumu. Mpango uliegemea sana fedha za nje. Mwaka 2013 uligundulika wizi mkubwa wa fedha za umma uliopewa jina la Cashgate, na wafadhili wengi wakasitisha kupitisha misaada katika bajeti ya serikali. Katika miaka iliyofuata ilitokea hali ya kusikitisha: wahitimu wa uuguzi na udaktari walikaa nyumbani bila ajira, huku hospitali zikilia kwa kukosa watumishi. Vyuo vilikuwa vimepanuliwa, lakini mfuko wa mishahara haukupanuka pamoja navyo.

Kwa hiyo kuna minyororo mitatu inayopaswa kwenda pamoja: kusomesha, kuajiri na kutunza. Ukikatika mmoja, ile miwili haiwezi kubeba mzigo.

5. NA SISI TANZANIA?

Mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 2006 serikali yetu ilipandisha mishahara ya watumishi wa afya. Lilikuwa jambo la haki, maana walikuwa wakilipwa kidogo mno. Lakini hospitali nyingi za mashirika ya dini hazikuwa na uwezo wa kulipa kiwango hicho, na katika miaka iliyofuata zikapoteza wauguzi na matabibu wengi waliohamia serikalini. Mwaka 2007 ukaanza mpango wa maendeleo ya afya ya msingi (MMAM), uliolenga kuwa na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yaliongezeka, na kila jengo jipya lilihitaji watu. Ndoo ile ile, maji yale yale.

Zipo njia zilizosaidia. Serikali huwaazimisha baadhi ya watumishi wake katika hospitali za mashirika ya dini, na zile zilizoteuliwa kuwa hospitali za wilaya hupata ruzuku ya mishahara. Makubaliano ya namna hii husimamiwa kwa upande wa makanisa na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC), iliyoundwa mwaka 1992. Pale makubaliano yanapoheshimiwa, hospitali hupumua. Pale kibali cha ajira kinapochelewa au mtumishi aliyeazimwa anapohamishwa bila mbadala, mgonjwa ndiye anayelipa.

Ule mnyororo wa kuajiri nao umewahi kutukatikia. Mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza kuwa ingepeleka madaktari 500 Kenya, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa huko. Shauri lilipofunguliwa mahakamani nchini Kenya na mpango ukakwama, serikali yetu iliwaajiri nyumbani madaktari 258 kati ya walioomba. Tulifurahi kwa ajili yao. Lakini jiulizeni: kama wiki chache kabla walikuwa huru kwenda nchi nyingine, ni kwa sababu walikuwa hawana kazi hapa, huku wilaya zetu zikiwahitaji.

Hatusemi kwamba anayekwenda nje ni msaliti. Mtu ana haki ya kutafuta maisha, na fedha anazotuma zinajenga nyumba ya wazazi na kulipa ada za wadogo zake. Tunachosema ni kwamba fedha hizo hufika kwa familia yake, wala haziajiri muuguzi mwingine katika zahanati aliyoiacha. Mwaka 2010 nchi wanachama wa WHO zilipitisha kanuni za kuongoza uajiri wa watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na mwaka 2023 shirika hilo lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa zaidi, ambazo hazipaswi kuchotewa watumishi wake bila makubaliano na ulinzi. Malawi imo. Tanzania pia imo.

6. NI NANI ANAYEBAKI KIJIJINI?

Mwaka 2010 WHO ilitoa mapendekezo ya namna ya kuwapata na kuwatunza watumishi vijijini, na yakafanyiwa mapitio mwaka 2021. Jambo mojawapo linalojitokeza kwa nguvu ni hili: kijana aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini kuliko aliyekulia mjini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Anayefanya kazi kwao ana shamba la wazazi, ana ndugu wa kumlelea mtoto, na lugha ya wagonjwa ni lugha yake.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu wa Msumbiji. Kuanzia mwaka 1984 waliwafundisha matabibu wa ngazi ya kati kufanya upasuaji wa dharura, ukiwemo ule wa kumtoa mtoto tumboni. Utafiti uliofuatilia makundi ya wahitimu ulikuta kuwa baada ya miaka 7, asilimia 88 ya matabibu hao walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopangiwa hospitali hizo, hakubaki hata mmoja. Sababu mojawapo ni kwamba cheti chao kinatambuliwa nyumbani na si rahisi kukitumia ng'ambo. Sisi nasi tuna historia ya madaktari wasaidizi waliozibeba hospitali zetu za wilaya kwa miongo mingi. Tusiwadharau kwa sababu hawana shahada.

7. KAZI YA KAMATI YA PAROKIA

Mshahara uko mikononi mwa serikali na uongozi wa hospitali. Lakini mambo mengi yanayomfanya mtumishi abaki yako mikononi mwetu.

Nyumba. Kabla ya kuomba wodi nyingine, kagueni nyumba ya muuguzi. Ina choo cha ndani au karibu? Ina maji, taa ya sola, na mlango unaofungwa? Muuguzi wa kike anayeitwa usiku wa manane anahitaji kufika kazini salama.

Mapokezi. Mtumishi mpya afikapo, apokewe na watu, aonyeshwe soko, shule na viongozi. Mwezi wa kwanza ndio anaoamua kama ataandika barua ya uhamisho.

Masomo. Mtumishi anayeona njia ya kujiendeleza huvumilia mengi. Kamati inaweza kumchangia ada kwa mkataba wa maandishi kwamba atarudi na kutumikia miaka iliyokubaliwa. Mkataba uwe wa haki, nafasi yake na daraja lake jipya viwe vinamngoja. Mkataba unaomfunga mtu bila kumwandalia nafasi humfanya akimbie.

Watoto wetu. Watambueni vijana wa parokia wanaofanya vizuri katika masomo ya sayansi, hasa wasichana, wasaidieni wafike chuo cha uuguzi au utabibu. Hiyo ndiyo zahanati yenu ya miaka kumi ijayo.

Heshima. Malalamiko yapelekwe kwa utaratibu, wala mtumishi asisemwe hadharani mkutanoni. Vituo vingine vimepoteza watu wazuri kwa sababu ya maneno tu.

8. NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Kwa kuwa mnatupenda, tunaomba tuseme wazi mambo mawili.

La kwanza: mradi wa miaka mitatu unaomlipa muuguzi mara mbili ya mshahara wa hospitali haumleti muuguzi mpya. Unamchukua kutoka wodini, na mradi ukifungwa huenda asirudi. Kabla ya kuajiri, ulizeni hospitali ya jirani inalipa kiasi gani, na mkubaliane nayo.

La pili: kusomesha mtu na kumjengea nyumba hakupigiki picha nzuri kama jengo jipya siku ya uzinduzi. Lakini ndiko kunakolifanya jengo mlilokwisha kulitoa lifanye kazi. Na mnapochangia mishahara, tuambieni tangu mwanzo ni hadi lini, ili tupange na halmashauri nani ataupokea mzigo huo. Yaliyowapata Malawi yasitupate.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika miaka mitano iliyopita, ni watumishi wangapi wa afya na walimu wamekuja katika eneo letu, na wangapi wameondoka? Waliondoka kwa sababu gani?

2. Kati ya sababu hizo, ni zipi zinaihusu serikali, na ni zipi tunaweza kuziondoa sisi wenyewe?

3. Je, nyumba ya mtumishi wetu ni nyumba ambayo mjumbe wa kamati angekubali binti yake aishi?

4. Ni vijana gani wa parokia wanaosomea fani za afya sasa? Kuna aliyewahi kuwaandikia au kuwatembelea?

5. Tutatekeleza jambo gani moja kabla ya toleo lijalo, nani atalisimamia, na litagharimu kiasi gani?

Majibu ya swali la 5 yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na nakala itumwe ofisini kwetu. Tutayakusanya na kuyapeleka katika mazungumzo yetu na halmashauri za wilaya, tukiwa na orodha ya kile ambacho kila parokia imekwisha kukifanya kwa upande wake.